Fedha Zisizodai Safari: Ruzuku za Kaya Maskini katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo upande wa kusini na magharibi wa Mkoa wa Kagera, fedha taslimu zina historia ndefu ya kufuatwa mbali. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi pale mto Ruvubu unapokutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na milima yake hupandwa migomba, maharage na kahawa. Biharamulo, iliyo mashariki yake, ni nchi ya miombo na malisho ambayo zamani ilifika hadi ufukwe wa Ziwa Viktoria, kabla Wilaya ya Chato haijamegwa kutoka kwake. Zote mbili zilibaki pembezoni mwa uchumi wa kahawa ulioineemesha Bukoba, na kwa sababu hiyo swali la namna shilingi inavyomfikia mtu asiye na mazao ya kuuza wala nguvu ya kusafiri ni la zamani kuliko mpango wowote wa serikali.

Utawala wa Kijerumani, ulioacha boma lake Biharamulo, na ule wa Waingereza uliofuata, ulidai kodi kwa sarafu mahali ambapo sarafu hazikuwepo. Vijana wa Kihangaza na Kishubi waliondoka kwa miguu kwenda Buganda, wakalima pamba na kahawa za wenye mashamba wa huko kwa ujira wa msimu, kisha wakarudi na fedha za kodi, nguo na, kwa aliyebahatika, thamani ya mbuzi. Bugufi, eneo lililokuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla mpaka wa kikoloni haujaliacha upande wa Tanganyika, lilianza kupata fedha za kahawa katika miaka ya 1930, lakini Biharamulo ilikuwa na shida nyingine, kwani malale yaliwafanya Waingereza kuwakusanya watu katika makazi ya pamoja na kuziacha sehemu kubwa za ardhi kwa mbung'o na wanyamapori. Kwa ufupi, aliyekuwa na fedha alikuwa ama mwenye mibuni, ama mwenye miguu ya kufika Buganda. Mjane, mzee na mgonjwa hawakuwa miongoni mwao, nao walitegemea ndugu, majirani na kibarua.

Neno hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa kuwa historia yote inayofuata inalizunguka. Kibarua, kwa maana ya vijijini, ni kazi ya siku moja moja katika shamba la mtu mwingine kwa malipo ya chakula au fedha kidogo. Mvua za vuli huanza Septemba na za masika huanza Machi, na kila msimu unapoanza ghala la kaya maskini huwa tupu, kwa hiyo mama wa kaya hiyo huamka kwenda kulima kwa jirani mwenye uwezo katika zile zile siku ambazo shamba lake mwenyewe linahitaji jembe. Anapata chakula cha jioni, lakini maharage yake yanachelewa kupandwa, mavuno yanakuwa haba, na msimu unaofuata unamkuta pale pale. Maskini wa namna hii mara nyingi ana ardhi, ijapokuwa ndogo. Anachokosa ni siku zake mwenyewe. Maandishi mengi kuhusu umaskini huhesabu ekari, mabati na mifugo, na kwa kufanya hivyo huipita hasara hii bila kuiona, kwani siku iliyouzwa haiachi alama yoyote juu ya paa.

Miaka ya 1980 iliongeza uzito wa mzigo huo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimelidhoofisha taifa zima, bei ya kahawa ilianguka baada ya mkataba wa kimataifa wa mgawo wa mauzo kuvunjika mwaka 1989, na ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage wilayani Muleba, ulianza kuwaondoa watu wazima waliokuwa nguzo za kaya. Kutokana na janga hilo ulizaliwa utafiti ambao umeufanya Mkoa wa Kagera ujulikane sana na wanauchumi wa dunia: kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji mara kadhaa kaya zaidi ya 900 za wilaya zote za mkoa wa wakati huo, Ngara na Biharamulo zikiwemo, kisha watafiti wakawatafuta tena watu wale wale mwaka 2004 na 2010, hata waliokuwa wamehamia mikoa ya mbali au Uganda. Matokeo mawili yanahusu moja kwa moja habari hii. La kwanza ni kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipoteza, kwa wastani, mwaka mmoja wa shule na sentimita 2 za kimo, hasara ambazo hakuzifidia hata alipokuwa mtu mzima. La pili ni kwamba kati ya 1991 na 2004 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki. Njia iliyokuwa ikielekea Buganda katika enzi za kodi ya mkoloni ilikuwa bado ndiyo njia ya kupata nafuu, ingawa sasa ilielekea Mwanza, Kahama na Dar es Salaam, na yatima aliyebaki na bibi yake hakuwa na njia ya kuipita.

Kisha fedha zilikuja Ngara zenyewe, na zilikuja kwa msiba wa wengine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakaingia wilaya ambayo wenyeji wake hawakufika 200,000 kwa sensa ya 1988. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo chake hapo, ikawa kwa muda mojawapo ya makusanyiko makubwa ya wakimbizi duniani, na zikafuata kambi nyingine, zikiwemo Lumasi, Musuhura na Lukole, hii ya mwisho ikiwapokea hasa Warundi waliokuwa wamekimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalileta mahindi, maharage na mafuta kwa malori, na pamoja nayo yalikuja magari, ofisi, nyumba za kupanga na ajira za madereva, walinzi na wakalimani. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Kijesuiti la kuwahudumia wakimbizi, ni moja ya masalia machache ya wakati ule yanayosikika hadi leo.

Msaada huo haukuwalenga wenyeji, lakini uliwagusa wote, na uliwagusa kwa namna tofauti. Mkimbizi aliyechoka kula mahindi ya mgawo aliyauza ili apate ndizi na maharage ya mwenyeji. Bei ya ndizi za kupika na maharage ikapanda sana, huku bei ya vyakula vilivyogawiwa kambini ikizuiwa na wingi wa mgawo wenyewe. Mkulima mwenye migomba ya ziada aliuza kwa bei ambayo hakuwahi kuiota, akaajiri wakimbizi kulima mashamba mapya kwa ujira mdogo, akafungua duka. Utafiti wa baadaye uliotumia takwimu zile zile za kaya za Kagera ulionyesha kwamba waliofaidika walikuwa wakulima wenye mazao yao ya kuuza, na walioumia walikuwa wale walioishi kwa kulima mashamba ya watu. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayejua maana ya kibarua: maskini alikuwa na bidhaa moja tu sokoni, yaani siku yake ya kazi, na bidhaa hiyo ililetwa kwa maelfu kutoka ng'ambo ya mto. Hapo ndipo penye fundisho ambalo wapangaji wa misaada walichukua muda mrefu kulisoma, kwamba wilaya inaweza kufurika mali na fedha, na jirani wa kambi akazidi kuwa fukara.

Mwezi Desemba 1996 Serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo, na kambi zao zikafungwa. Lukole ilibaki na Warundi kwa zaidi ya mwongo mmoja baadaye. Soko liliondoka na wateja wake. Yaliyobaki ni vilima vilivyokatwa miti kwa ajili ya kuni, barabara kadhaa, na watu waliokwisha kuona kwamba msaada unaweza kuwa na umbo la gunia au umbo la noti, na kwamba mwenye gunia asilolihitaji huliuza kwa hasara ili apate noti. Suala hilo lilirudi kuzuka miaka 20 baadaye katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi fedha badala ya chakula mwishoni mwa 2016, hadi Serikali ilipoamuru zoezi hilo lisimamishwe mwaka 2017.

Jaribio la kwanza la kuwapa maskini wa Kagera wenyewe fedha mkononi, bila gunia wala jembe, halikufanywa na serikali. Mwaka 2003, katika kata ya Nshamba wilayani Muleba, inayopakana na Biharamulo, mradi uitwao KwaWazee ulianza kutoa pensheni ya kila mwezi kwa wazee, wengi wao mabibi waliokuwa wakilea wajukuu walioachwa na UKIMWI. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo kiasi cha kuchekesha afisa wa benki. Hata hivyo tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 iliweka katika jina lake chumvi, sabuni na viatu vya shule, na uchaguzi huo wa vitu ulikuwa wa busara, kwa kuwa vitu hivyo vitatu ndivyo ambavyo shamba haliwezi kuvitoa. Mzee mwenye migomba anaweza kujilisha, lakini bila chumvi anakwenda kuomba kwa jirani, na bila sabuni mjukuu anaona haya kukaa darasani na wenzake.

Serikali ilikuwa na chombo chake, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa kifupi TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Katika awamu yake ya kwanza na ya pili mfuko huu ulijenga: madarasa, zahanati, visima, malambo, barabara za vijijini. Ulikuwa msaada wa matofali, na matofali hayabagui, jambo ambalo ni sifa na pia kasoro yake, maana zahanati iliyojengwa haimsaidii asiye na nauli ya kuifikia. Mwaka 2010 mfuko ulianza kulipa fedha kwa majaribio katika vijiji 40 vya wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, huku vijiji vingine 40 vikiachwa kwa ajili ya kulinganisha. Wazo lilikuwa limetoka mbali, kwani Mexico ililianza mwaka 1997 na Brazil ikalipanua tangu 2003: mama hupewa fedha, naye hutakiwa kumpeleka mtoto kliniki na shuleni. Kaya zilizolipwa katika majaribio hayo zilinunua mbuzi na kuku, ziliwavisha watoto viatu, na zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya gharama nafuu ya vijijini, kwa wingi kuliko zile zisizolipwa.

Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na katika miaka mitatu iliyofuata mpango huo ukasambazwa wilaya kwa wilaya hadi kufikia zaidi ya kaya milioni 1 nchi nzima, za Ngara na Biharamulo zikiwemo. Lugha mpya iliingia vijijini pamoja nao. Kitendo cha kulipa kiliitwa uhawilishaji wa fedha, waliolipwa waliitwa walengwa, na siku za malipo ziliitwa dirisha. Uteuzi ulianzia katika mkutano wa kijiji, ambapo wanakijiji walitaja kaya zilizo maskini zaidi. Kisha waliotajwa walijazishwa dodoso kuhusu nyumba, mali na idadi ya wategemezi, kompyuta ikapima majibu yao, na orodha ikarudishwa mkutanoni kusomwa hadharani. Utaratibu huo ulichanganya macho ya majirani na hesabu ya mashine, na ulikuwa na maumivu ya namna zake mbili: kutajwa maskini mbele ya kijiji kizima, na kutokutajwa. Uhakiki uliofanyika baadaye uliondoa makumi ya maelfu ya kaya nchini, zikiwemo zile zilizopewa jina la kaya hewa, na vijiji takriban asilimia 30 havikufikiwa kabisa, hivyo ikawezekana kilima kimoja kulipwa na cha pili, chenye ufukara ule ule, kikatazama.

Viwango vilikuwa hivi. Kila kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na yenye watoto iliongezewa 4,000; ikitimiza sharti la kliniki kwa watoto wadogo ilipata 4,000 nyingine, na kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, na wa kidato cha tano na sita 6,000, lakini jumla isizidi 38,000. Malipo yalifanyika kila miezi miwili, kwa fedha taslimu, mezani, mbele ya viongozi wa kijiji, na mpokeaji wa kaya kwa kawaida alikuwa mwanamke. Zaidi ya hayo, kaya zenye watu wenye uwezo wa kufanya kazi zilipewa nafasi katika miradi ya ajira za muda, kama kuchimba malambo, kupanda miti na kutengeneza barabara, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku kwa siku 60 za kipindi cha hari, yaani 138,000 kwa mwaka.

Wakosoaji walisema shilingi 10,000 haimtoi mtu katika umaskini, nao walikuwa sahihi kuhusu shilingi 10,000. Hawakuuliza inanunua nini wakati gani. Fedha zikifika Septemba, kabla ya vuli, zinanunua debe la mahindi, na debe hilo linamrudishia mama wiki mbili za jembe lake, akapanda maharage kwa wakati. Zikifika Januari, zinanunua daftari na sare, na katika nchi iliyofuta ada ya shule ya msingi tangu 2002 na ya sekondari hadi kidato cha nne tangu 2016, daftari na sare ndizo zilizobaki kuwa mlango. Zikikaa kidogo kwa mama mwenye kikundi cha kuweka na kukopa, zinamfanya aaminike, na mtu anayejulikana kuwa atapokea fedha mwezi ujao anakopesheka dukani leo, jambo ambalo mnyonge wa zamani hakuwa nalo. Mbuzi na kuku walioonekana katika nyua za walengwa ni akiba ile ile iliyovaa manyoya, ya kuuzwa mtoto anapougua badala ya kuuza siku. TASAF yenyewe ilitangaza, mwishoni mwa awamu hiyo, kwamba miongoni mwa walengwa umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kwa asilimia 10 na ule uliokithiri kwa asilimia 12. Ni mafanikio ya kiasi, na yanalingana na ukubwa wa fedha zenyewe.

Jambo jipya zaidi katika historia ya wilaya hizi ni mwelekeo wa fedha. Kwa mara ya kwanza shilingi haikumtaka mtu aende Buganda, wala amiliki mibuni, wala awe jirani na kambi, wala ashuke shimoni kutafuta dhahabu kama vijana wa Biharamulo wanavyofanya. Ilimjia aliyebaki nyumbani, na ilimjia mwanamke. Waume hawakulipokea jambo hilo kwa namna moja. Wako waliotegea mezani siku ya dirisha, na wako waliotambua kwamba mke mwenye ruzuku amewapunguzia aibu ya kwenda kukopa.

Lakini kama thamani ya fedha hizi ilikuwa katika tarehe yake, basi kucheleweshwa kwake kulikuwa kukatwa kwake, hata kama kiasi chote kililipwa baadaye. Kipindi cha kwanza cha mpango kilipokwisha na cha pili kusubiriwa, madirisha yalichelewa, na ruzuku ya kulimia ikafika wakati wa kupalilia. Kaya ilirudi kwenye kibarua, kisha ikapokea fedha za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, ambazo ni rahisi zaidi kuishia kwenye deni la dukani. Wahasibu wa mbali huona malipo hayo kuwa sawa na yale ya wakati wake. Mkulima hawezi kuona hivyo.

Tarehe 17 Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili cha mpango, kilichokusudiwa kufikia vijiji vyote nchini na kuweka uzito mkubwa zaidi katika kazi, kwa hoja kwamba mwenye nguvu alipwe kwa jasho lake na ruzuku ya moja kwa moja ibaki kwa asiyeweza kufanya kazi. Hoja hiyo ina mvuto katika nchi iliyolelewa na wito wa uhuru na kazi, ingawa kwa kaya ya kibarua inaleta ugumu wa zamani kwa sura mpya, kwani siku 60 za lambo nazo ni siku, na mafanikio yake hutegemea zikipangwa kiangazi au zikisogea hadi mvua za kwanza. Zanzibar, ambayo Aprili 2016 ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila dodoso wala mkutano, ilichagua njia nyingine; Bara bado inamtaka bibi athibitishe kwanza kwamba ni maskini.

Badiliko la karibuni ni la njia ya kulipia. Meza ya kijiji inaachia nafasi simu na akaunti za benki, kwa sababu za haki kabisa: fedha hazisafirishwi tena kwa magari yenye walinzi, hakuna anayechukua sehemu njiani, na kumbukumbu hubaki. Hata hivyo mlengwa anayeishi mbali na barabara lazima amfuate wakala Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Nyakanazi, akiwa na kitambulisho na laini iliyosajiliwa, na asiye na simu hutumia ya mwanawe au ya jirani, hivyo siri ya salio haiko tena mikononi mwake. Wakala hukata ada yake, bodaboda hudai nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya shamba hupotea barabarani.